Mkono wa Mchezaji, Jicho la Mtazamaji

Mwishoni mwa The Last of Us, mchezo wa video uliotolewa na kampuni ya Naughty Dog mwaka 2013, mchezaji humwingiza Joel, mhusika anayemwendesha, katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja mjini Salt Lake City, ambamo msichana Ellie amelazwa hana fahamu, na kando yake amesimama daktari mwenye kisu, ambaye azma yake ni kuufungua ubongo wa msichana huyo, ijapokuwa atakufa, ili apate humo dawa ya kuwaokoa walimwengu na maradhi ya kuvu. Hapo mchezaji hana hiari tena. Mchezo uliomwachia kwa saa nyingi achague njia ya kupita na silaha ya kutumia sasa humfungia milango yote isipokuwa mmoja: hadithi haiendi mbele mpaka yeye mwenyewe, kwa kidole chake, abonyeze kitufe na daktari aanguke. Ndiyo maana waliocheza mchezo huo, wakisimulia habari zake, aghalabu hawasemi kwamba Joel alimwua daktari, husema, "Nilimwua."

Mwezi Machi 2023 tendo lile lile lilitendwa na mwigizaji Pedro Pascal katika sehemu ya tisa, ya mwisho, ya msimu wa kwanza wa tamthilia ya HBO, na sisi tuliokuwa vitini tulikuwa watazamaji tu. Watengenezaji wake, Craig Mazin na Neil Druckmann, ambaye ndiye aliyeuandika mchezo wenyewe, hawakujaribu kuturudishia pedi mikononi. Waliififisha milio ya bunduki, wakaitandaza juu yake sauti ya ala za Gustavo Santaolalla, Muargentina yule yule aliyeutungia mchezo muziki wake, wakatuonyesha mtu mzima akipita ukumbi hata ukumbi, anaua bila ghadhabu wala majuto, uso wake mkavu kama wa mtu anayemaliza kazi ya siku. Tukabaki na huzuni pale ambapo mchezaji alibaki na hatia.

Kadhia nzima ya kugeuza michezo ya video kuwa tamthilia, kwa maoni yangu, imo katika badiliko hilo, na makampuni yanayotiririsha tamthilia hizo, ambayo katika miaka hii yamekuwa yakinunua majina ya michezo kwa pupa ya ajabu, yamelifahamu nusu tu. Wanayajua majina. Wanaijua idadi ya watu walioucheza mchezo. Lakini kile walichokipenda watu hao kilikaa mkononi, na mkono ndio kiungo cha kwanza kukosa kazi mtu anapoketi mbele ya televisheni. Basi anayetaka kuutengeneza mchezo upya hana budi kuuliza ni kitu gani cha thamani sawa atakachokiweka katika nafasi iliyoachwa wazi.

Zamani hata swali hilo halikuulizwa. Filamu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1993 ilimchukua fundi bomba mwenye masharubu, ambaye kazi yake katika mchezo ni kukimbia na kuruka, ikampa sura ya Bob Hoskins na kumtupa katika mji wa kiza uliojaa vizazi vya madainosari. Mwaka uliofuata Street Fighter ikafanya vituko vya namna hiyo kwa Jean-Claude Van Damme. Wakosoaji walizicheka, na wachezaji walizichukia zaidi ya wakosoaji, na kwa muda wa robo karne ikawa ni itikadi huko Hollywood kwamba michezo haigeuki. Sioni haja ya kukaa sana na zama hizo. Jambo lililobadilika si akili za watu peke yake, bali na michezo nayo, ambayo kufikia 2013 ilikuwa imekwisha kujifunza kusimulia.

Sasa, tamthilia ina mali gani ambayo mchezo hauna? Ina ruhusa ya kutoka. Mchezaji amefungwa katika kiwiliwili kimoja kwa wakati mmoja: akiwa Joel, ajuacho Joel ndicho akijuacho yeye, na pale Joel asipokuwapo, ulimwengu wenyewe haupo. Mtazamaji hana kifungo hicho. Sehemu ya pili ya tamthilia hii inaanzia Jakarta, mwaka 2003, ambako profesa wa elimu ya kuvu, aliyeigizwa na bibi Christine Hakim, mwigizaji mashuhuri wa Indonesia, anatolewa mkahawani na askari, anapelekwa kwenye maabara, anavuta kitu chembamba kinachotambaa katika kinywa cha maiti, kisha anaketi na afisa mmoja wa jeshi. Afisa anamwuliza afanye nini. Bibi yule, mikono ikimtetemeka hata kikombe cha chai hakitulii, anamwambia atupe mabomu, auangamize mji na wote waliomo. Kisha anaomba apelekwe nyumbani akakae na jamaa zake. Hakuna mchezaji angeweza kuwa chumbani mle, maana hapakuwa na la kufanya humo, na mchezo usiompa mchezaji la kufanya hufa mikononi mwake.

Mfano mkubwa zaidi ni ule wa Bill na Frank. Katika mchezo, Bill ni mtu mkali, mpweke, aliyejichimbia katika mji mdogo wa Lincoln na mitego yake, na mwenzake Frank hukutwa tayari amejinyonga, ameacha barua fupi ya kumlaani. Mchezaji huisoma, akaendelea na safari. Tamthilia ilikichukua kijipande hicho ikakifanya kuwa sehemu ya tatu, yenye zaidi ya saa nzima, ambamo Joel na Ellie wanaonekana hasa mwanzo na mwisho, na katikati yake waume wawili, Nick Offerman na Murray Bartlett, wanaishi pamoja miaka kumi na sita, wanagombana juu ya rangi ya maduka, wanazeeka, na siku moja Frank anamwongoza Bill mpaka kwenye kitalu cha stroberi alizozipanda kwa mbegu alizobadilishana na bunduki, na Bill, mtu asiyejua kucheka, anakula moja na kuangua kicheko kama mtoto. Wengine walinung'unika kwamba hadithi imesimama. Hakika imesimama, na hapo ndipo ilipopata uhai wake, kwa kuwa iliingia katika nyumba ambayo mchezaji aliipita mbio. Wale waliokulia katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, wakimsikiliza Lufufu akiifasiri filamu ya kigeni huku akiwatia wahusika maneno na nia ambazo mwenye filamu hakuzijua, au waliomsikia DJ Afro huko Kenya, hawatastaajabu kwamba hekaya yaweza kunenepa pale ilipokuwa kimya.

Maadam tumezungumza juu ya uso wa Pascal, na tuzitazame nyuso. Katika mchezo wa The Last of Us kuvu huenea pia kwa vumbi linaloelea hewani, na Joel hulazimika kuvaa barakoa kila aingiapo palipo na vumbi hilo. Watengenezaji wa tamthilia waliliondoa vumbi katika msimu wa kwanza, wakaweka mahali pake nyuzi zinazotambaa ardhini na kuwaunganisha wagonjwa, na sababu mojawapo ilikuwa dhahiri: huwezi kumlipa mwigizaji mzuri kisha ukamfunika uso. Wapenzi wa mchezo waliguna kidogo, wakanyamaza. Sasa iweke kando yake tamthilia ya Halo, iliyoanza kuonyeshwa na Paramount+ tarehe 24 Machi 2022, baada ya mradi huo kutangazwa tangu 2013 kwa jina la Steven Spielberg. Katika michezo ya Halo, tangu ule wa kwanza wa mwaka 2001, askari aitwaye Master Chief hatuonyeshi uso wake. Kioo cha kofia yake ya chuma ni mahali patupu ambapo kila mchezaji hujiweka mwenyewe. Tamthilia ikamvua kofia katika sehemu ya kwanza kabisa, akatokea Pablo Schreiber, na kelele zikaanza ambazo hazikukoma.

Walisema wengi kwamba kosa la Halo lilikuwa kuvunja amri ya mchezo. Sikubaliani nao. Tamthilia ya saa nyingi juu ya mtu asiye na uso ingekuwa adhabu, na kofia ilikuwa haina budi kuvuliwa siku moja. Kosa ni kwamba walipokwisha kuufungua uso ule hawakuwa wamepata mtu wa kumweka nyuma yake: walimvisha mapenzi na kumbukumbu za utotoni za kukopa, vitu ambavyo askari yeyote wa filamu yoyote angeweza kuvaa. Mwezi Julai 2024, baada ya misimu miwili, Paramount+ wakaifuta. Resident Evil ya Netflix haikupata hata hiyo miwili. Ilitoka tarehe 14 Julai 2022, na kabla ya Agosti kwisha ilikuwa imekwisha kufutwa, pamoja na juhudi kubwa za marehemu Lance Reddick, aliyekuwa kitu chake bora kuliko vyote.

Fallout ya Amazon ilishika njia nyingine, na kwa mizani yangu ndiyo njia ya akili zaidi kwa michezo ya aina yake. Katika michezo hiyo, iliyoanza 1997, kila mchezaji hujiumbia mtu wake, akamtuma jangwani kutenda mema au maovu. Hakuna hadithi moja ya kuigiza, kwa sababu kila aliyecheza anayo yake. Basi Todd Howard wa Bethesda, kampuni yenye michezo hiyo, ambaye kwa miaka mingi alizikataa rai za Hollywood, alipendelea tamthilia isirudie mchezo wowote, na Jonathan Nolan na wenzake wakatunga habari mpya ya mwaka 2296, baada ya matukio ya michezo yote iliyotangulia, katika magofu ya Los Angeles. Wakaigawa nafsi ya mchezaji mara tatu. Lucy, aliyekulia handakini, ni mchezaji mpya asiyejua kitu na mwenye adabu nyingi; Maximus ni yule mwenye tamaa ya silaha na vazi kubwa la chuma; na yule mwenye kuungua kwa mionzi, asiye na pua, aliyeigizwa na Walton Goggins, ni mchezaji mkongwe aliyekwisha ona yote, ambaye hawezi tena kushangazwa wala kuaibishwa na lolote. Kila aliyewahi kuupoteza usiku katika jangwa lile alijiona katika mmoja wao.

Arcane nayo ilikuwa na bahati ya kurithi umaskini. League of Legends, mchezo wa Riot Games wa mwaka 2009 uliozaa tamthilia hiyo, ni pambano la watu watano kwa watano katika uwanja mmoja, likiisha linaanza tena. Hadithi yake ilikuwa ni wasifu mfupi wa mashujaa uliowekwa pembeni kwa anayetaka kusoma. Studio ya Fortiche ya Paris ikapewa miaka ya kuchora, na kwa kuwa hapakuwa na mapokeo mazito ya kuheshimu, ndugu wawili, Vi na Jinx, wakapata utoto, mlezi, dhambi na mji wenye matabaka mawili. Mwaka 2022 ikapata Emmy ya katuni bora, ya kwanza ya daraja hilo kwenda kwa tamthilia ya jukwaa la kutiririsha.

Tukitoka kwa watunzi tukaenda kwa matajiri wanaowalipa, hali ya hewa hubadilika. Mwezi Aprili 2022 Netflix ilitangaza kwamba imepoteza wateja 200,000 katika robo ya kwanza ya mwaka, na kwa siku moja hisa zake zikaanguka kwa zaidi ya theluthi. Robo iliyofuata wakaondoka wengine karibu 1,000,000. Tangu hapo soko zima likashikwa na hofu ya kitu kigeni, na mtu mwenye hofu hununua jina analolijua. Jina la mchezo lina fadhila za pekee: huja na watu wake, wengi wao vijana waliokwisha kuiacha televisheni, ambao watakuja ama kwa mapenzi ama kwa nia ya kutoa makosa, na kwa mwenye jukwaa yote mawili ni mamoja.

Naye mwenye mchezo ana hesabu zake. Sony iliunda PlayStation Productions mwaka 2019, na kwa kuwa ukiondoa Crunchyroll ya katuni za Kijapani haina jukwaa lake kubwa, huwauzia wote: HBO wakapata The Last of Us, Peacock wakapata Twisted Metal, Amazon wakaagiza God of War. Riot iliigharimia Arcane kutoka mfukoni mwake. Mfano wa faida uliowatia wengi wivu ni ule wa CD Projekt ya Warsaw, ambayo mchezo wake Cyberpunk 2077 ulitolewa Desemba 2020 ukiwa na kasoro nyingi mno, hata Sony wakauondoa dukani mwao kwa miezi. Kisha Septemba 2022 Netflix ikaonyesha Edgerunners, katuni ya sehemu kumi ya studio Trigger ya Japani, na kampuni ikatangaza kwamba watu 1,000,000 kwa siku, wapya na wanaorudi, wameingia katika mchezo ule uliozikwa. Vivyo hivyo michezo ya zamani ya Fallout ilirudi juu katika orodha za mauzo Aprili 2024. Mtu akiambiwa kwamba tamthilia nzuri ni tangazo la biashara linalolipiwa na mtu mwingine, atakuwa mjinga akikataa.

Lakini tangazo hupimwa kwa mizani ya tangazo. Kuna wakati Netflix ilimhesabu mtu kuwa ametazama kitu akikaa nacho dakika 2. Baadaye ikahesabu saa. Tangu 2023 inazigawa saa hizo kwa urefu wa kitu chenyewe, na kuzijumlisha kwa siku 91 za mwanzo. Mizani hiyo haina mahali pa kuandika kwamba mtazamaji aliitazama sehemu moja, akazima, akaenda kukaa barazani akiifikiria. HBO, wanaoshika desturi ya zamani ya sehemu moja kwa wiki, waliona watu 4,700,000 nchini Marekani usiku wa kwanza wa The Last of Us na 8,200,000 usiku wa mwisho, ambao ulikuwa usiku wa Oscar. Neno lilitembea kwa miguu yake, kutoka nyumba moja hata ya pili, na lilipewa wasaa wa kutembea. Nadhani sehemu ya Bill na Frank ingetupwa pamoja na nyingine nane asubuhi moja, watu wangeimeza wakiwa njiani kwenda kwenye mazombi. Hata Amazon, ambao mwaka 2024 waliiachia Fallout yote kwa mara moja, msimu wa pili walipouanza Desemba 2025 walirudi kwenye wiki.

Yafaa ikumbukwe kwamba Netflix ilikwisha jaribu kuurudisha mkono kazini. Tarehe 28 Desemba 2018 ilitoa Bandersnatch, habari ya kijana wa mwaka 1984 anayetunga mchezo wa kompyuta, ambamo mtazamaji humchagulia, kwanza nafaka ya kifungua kinywa, na mwishowe kama amwue babaye. Kijana anaanza kuhisi kwamba kuna mtu anayemwamuru kutoka mbali, na mtu huyo, ambaye ni wewe na rimoti yako, unaanza kuona haya. Kilikuwa kitu kisicho na kifani. Mwezi Mei 2025 kikafutwa katika jukwaa, pamoja na mabaki ya filamu za namna hiyo, kwa sababu za kiufundi na za kupanga mambo mengine. Na kwa kuwa hakitazamiki kwa njia nyingine ya kawaida, kimetoweka kwa jinsi ambavyo kitabu hakiwezi kutoweka. Kinyume chake ni Secret Level ya Amazon, mkusanyiko wa hadithi fupi 15 za katuni uliotolewa Desemba 2024, kila moja ikiutangaza mchezo wake, na mojawapo ilikuwa ya Concord, mchezo ambao Sony waliutoa tarehe 23 Agosti mwaka huo na kuuzima tarehe 6 Septemba. Tangazo lipo, kilichotangazwa hakipo.

Mwezi Januari 2024, miezi mitatu kabla ya Fallout, Amazon hiyo hiyo ilisimamisha uagizaji wa tamthilia na filamu mpya barani Afrika na Mashariki ya Kati. Sisemi kwamba jambo moja lilizaa jingine; hesabu za kampuni kubwa hazitembei kwa mstari ulionyooka hivyo. Hata hivyo mwelekeo wa fedha unasomeka. Disney+ nao walitoa Kizazi Moto mwaka 2023, filamu fupi kumi za katuni za Kiafrika zenye jina la Kiswahili safi, mojawapo ya Ng'endo Mukii wa Kenya na nyingine ya Raymond Malinga wa Uganda, katika jukwaa ambalo watu wa Nairobi na Kampala hawakuuziwa.

Nirudi kwa The Last of Us, kwa sababu mtihani wake mgumu uko njiani. Mchezo wa pili, wa mwaka 2020, humwua Joel mapema kwa mikono ya mwanamke aitwaye Abby, huacha mchezaji amchukie kwa saa nyingi akiwa Ellie, kisha ghafla humkabidhi Abby mwenyewe na kumlazimisha aishi ndani yake karibu nusu ya mchezo, alale kitandani mwake, awapende rafiki zake, akijua sasa kwamba yule daktari wa Salt Lake City alikuwa baba yake. Wako walioitupa pedi. Wengine, nikiwamo mimi, tuliendelea kwa chuki, na chuki ikatuishia bila sisi kuona ilipoishia, kwa kuwa ni shida kumchukia mtu ambaye umemfunga jeraha kwa vidole vyako mwenyewe.

Mazin na Druckmann walijua kwamba hawana vidole hivyo. Kwa hiyo walituambia sababu ya Abby tangu mwanzo wa msimu wa pili, jambo ambalo mchezo huficha hata katikati, na wakaugawa mchezo mmoja katika misimu zaidi ya mmoja. Hoja yao ni sahihi na matokeo yake yalipooza: watazamaji wa usiku wa kwanza nchini Marekani walikuwa 5,300,000 mwezi Aprili 2025, na sehemu ya saba, ya mwisho, iliwapata 3,700,000. Sehemu hiyo inakatika pale pale ambapo mchezo hukata, maandishi yakisema kwamba tumerudi siku ya kwanza mjini Seattle, na Kaitlyn Dever anaamka akiwa Abby. Mwenye kucheza huvuka mpaka huo usiku ule ule, hasira yake ikiwa bado ya moto. Mtazamaji wa HBO ameambiwa angoje kwa kipimo cha miaka, na Druckmann tangu Julai 2025 amejitoa katika kazi ya tamthilia, akamwachia Mazin amrudishe mtu kwenye chuki ambayo kufikia wakati huo itakuwa imepoa, kisha amtoe humo tena.